Kabla Hujalipa Ada ya Chuo cha Ubaharia, Uliza Meli

Haya jamani, mambo! Mnisamehe kwa kelele, nimetoka zamu ya saa sita mpaka saa kumi, hata ovaroli sijavua. Vijana mnaniuliza kila siku, "Kaka, chuo cha ubaharia kinafaa?" Halafu swali la pili ni sare nyeupe. Sare! Hebu ulizeni meli kwanza.

Iko hivi. Mkataba wa kimataifa wa STCW, wa mwaka 1978, unaosimamia mafunzo na vyeti vya mabaharia, unamtaka afisa wa sitaha, yule anayeongoza meli, awe ametumikia melini miezi 12 ndani ya mafunzo yanayotambuliwa, na daftari lake la mafunzo limejazwa. Nje ya mpango huo, ni miezi 36. Sasa wewe maliza darasani na alama zako nzuri, bila hiyo miezi hupati cheti cha uafisa. Rafiki yangu tuliyeketi dawati moja, na kichwani alinizidi mbali, alisubiri nafasi ya ukadeti, yaani ya kujifunza kazi melini, miaka miwili. Chuo kilimwambia "tutakutafutia." Basi akatafutwa na madeni.

Kwa hiyo ukienda kuulizia nafasi, wabane: mna meli yenu ya mafunzo? Kuna kampuni inayowachukua makadeti wenu? Waliomaliza mwaka jana wako meli gani? Ukiona wanababaika, aga.

Na macho, kapime mapema, hasa kutofautisha rangi. Usiku meli nyingine unaijua kwa taa zake, nyekundu kushoto kwake, kijani kulia kwake. Usipoziona hizo, uafisa wa sitaha usahau.

Maafisa wa injini wanavumilia joto, lakini nawaonea wivu kidogo. Wakichoka na bahari, mitambo ya umeme ya nchi kavu inawahitaji. Mimi nikishuka, ujuzi wa kuongoza meli nitauuza wapi nje ya bandari?

Halafu wakala akikudai pesa ya kukutafutia kazi, kimbia. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006 umekataza. Wewe unalipia pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya, basi.

Upweke? Upo. Shangazi yangu alizikwa mimi niko katikati ya bahari, nikapata habari siku ya nne. Hilo chuo hakikufundishi.

Haya, nikalale. Saa sita usiku naitwa tena.