Riba Peke Yake Haishushi Bei: Hazina na Benki Kuu Wakae Meza Moja

Ndugu Mwenyekiti, asante. Walionisikia mara ya tatu au ya nne wanivumilie, maana nitasema lile lile. Bei zikipanda, kila mtu anauliza Benki Kuu imepandisha riba kwa kiasi gani. Ulizeni kwanza Hazina imelipa nini leo, na imelipa kwa fedha zipi.

Chukueni siku ya mishahara. Hazina ina akaunti yake Benki Kuu. Tuseme inalipa shilingi bilioni 500. Asubuhi fedha hizo hazimo kwenye mzunguko. Jioni ziko benki za biashara, tayari kukopeshwa. Kama zilitokana na kodi ya mwezi huo, hakuna neno: zilitoka kwa watu, zimerudi kwa watu. Lakini kama Hazina imechota kupita salio lake, hizo ni fedha mpya, hazikutoka mfukoni mwa mtu yeyote. Benki Kuu inalazimika kuzinyonya, yaani kuziondoa kwenye mzunguko, kwa kuuza dhamana, hati za mkopo za serikali. Kwa riba ya asilimia 16, gharama yake ni bilioni 80 kwa mwaka. Anayelipa ni nani? Ni Hazina hiyo hiyo, au Benki Kuu, ambayo mwisho wa mwaka itapeleka gawio dogo Hazina. Na kama bilioni 80 hazikuwekwa kwenye bajeti, Hazina inakopa ili ilipe riba. Mnada wa dhamana unaofuata, wanunuzi wanaiona haraka yake na wanadai riba kubwa zaidi.

Wakenya waliyapitia haya mwaka 1993. Fedha zilifurika wakati wa uchaguzi wa Desemba 1992, na mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Benki Kuu ikaanza kunyonya, na katikati ya mwaka riba ya dhamana za muda mfupi ikapita asilimia 80. Bei zilikuja kutulia, sawa. Lakini bili ya riba ilihamia kwenye bajeti na ikakaa huko.

Sasa Tanzania, na hapa naomba nisiharakishwe. Mwaka 1994 mfumuko ulikuwa umepita asilimia 30. Ukitazama kitabu cha bajeti peke yake huwezi kuelewa ni kwa nini, kwa sababu mashimo mengine yalikuwa nje ya kitabu: vyama vya ushirika na mashirika ya umma yalikopa NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, mengi hayakurudisha, na mwisho wa mnyororo alikuwa Benki Kuu. Sheria ya Benki Kuu ya 1995 iliipa lengo kuu moja, utulivu wa bei. Sheria nzuri, lakini sheria haizuii hundi.

Kilichozuia hundi ni bajeti ya fedha taslimu, iliyosimamiwa kwa ukali tangu Rais Mkapa alipoingia. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Unachukua wastani wa makusanyo ya miezi mitatu iliyopita. Huo ndio ukomo wa mwezi huu. Unatoa kwanza deni la taifa na mishahara. Kinachobaki ndicho wizara zinagawana, hata kama Bunge lilipitisha mara mbili yake. Julai 1996 TRA, Mamlaka ya Mapato, ikaanza kazi, makusanyo yakawa na mtu mmoja wa kuulizwa. Benki Kuu sasa ilijua mwezi hautaisha kwa Hazina kuja kuchota, kwa hiyo dhamana ilizouza zilipunguza ukwasi, yaani fedha zilizo tayari kwenye benki, kweli kweli, hazikuwa za kuziba pengo la Hazina. Mfumuko ulikuwa kama asilimia 21 mwaka 1996. Kufikia 1999 ulishuka chini ya asilimia 10.

Mtaniambia: lakini wizara zilikaa bila mafuta ya magari na hospitali bila dawa. Ni kweli, na iliumiza. Ila kasoro kubwa zaidi haikuonekana mapema. Afisa Masuuli, mtendaji anayeidhinisha matumizi ya wizara, anapewa robo ya kasma yake, yaani fungu alilopitishiwa kwenye bajeti. Kazi haiwezi kusimama, basi anaandika LPO, hati ya kuagiza mzigo, na mzabuni analeta mzigo. Fedha hazijatoka, kwa hiyo kwenye taarifa ya Hazina mwezi umefungwa salama. Deni limebaki kwenye faili. Mzabuni aliyekopa benki kununua mzigo anashindwa kurejesha, na zabuni inayofuata anaongeza bei kufidia miezi ya kusubiri. Serikali inanunua ghali, kasma inaisha upesi, LPO nyingine zinaandikwa. Ukibana malipo bila kubana ahadi za malipo, nakisi umeihamishia dukani kwa mzabuni tu. Dawa yake ilikuja mwaka 1998, mfumo wa malipo wa kompyuta: LPO haitoki kama kifungu hakina fedha. Na hata leo, kila LPO iliyoandikwa kwa mkono nje ya mfumo ni mlango ule ule umefunguliwa tena.

Mwingine ataniambia mfumuko wetu unatokana na mafuta na mahindi, riba itafanya nini? Haitaleta meli wala mvua. Mafuta yakipanda, yanapandisha bei mara moja. Kupanda kunakofuata, kwa nauli, kodi za nyumba na madai ya mishahara, kunategemea kama kuna fedha za kukubeba. Mwaka 2022 serikali ilitoa ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, ikasema inajibana matumizi mengine kuipata. Ruzuku ile ile ikitoka kwenye akaunti iliyochotwa kupita salio Benki Kuu, unashusha bei ya petroli na kupandisha nyingine zote.

Naona naonyeshwa saa. Ukomo wa kisheria naupitia tu: Kenya, kifungu cha 46 cha sheria ya benki kuu yao, serikali isikope huko zaidi ya asilimia 5 ya mapato ya kawaida kwa hesabu zilizokaguliwa. Ukomo wa aina hiyo una maana ukikaguliwa kila wiki, siyo Juni peke yake.

La mwisho. Mwaka 2016 mashirika ya umma yaliamriwa kuhamishia amana zao Benki Kuu kutoka benki za biashara. Uamuzi ulikuwa wa kibajeti. Matokeo yakawa ya sera ya fedha. Ukwasi wa benki ulibana, na Machi 2017 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 16 hadi 12. Amri kama hiyo iandikiwe ratiba: wiki hii kinahama kiasi gani, na siku hiyo hiyo Benki Kuu inarudisha kiasi gani sokoni.