Kambi Zilizopotea: Mateka wa Kiitaliano Nchini Kenya

Wazee wetu, walimu, na nyinyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, asanteni kwa kufika.

Wengi wenu mmewahi kushuka Mai Mahiu kwa njia ya zamani. Pale kwenye mteremko, wauza ngozi za kondoo wakikupungia mkono, kuna kikanisa cha mawe kidogo sana. Kwaya ya shule isingeenea humo ndani. Kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano, hao hao waliokuwa wakiichonga barabara mnayoipita. Basi kila matatu inayoshuka pale inapita juu ya jasho lao, na abiria wengi hawana habari.

Walifikaje huku? Italia iliivamia Ethiopia mwaka 1935, ikawamwagia watu gesi ya sumu. Hilo nalisema mapema, maana kuna watu wakianza kuwahurumia mateka husahau walitoka kufanya nini. Vita Kuu ya Pili ilipofika Afrika Mashariki, majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waafrika chini ya Waingereza), yaliwashambulia kutoka Kenya na Sudan. Mei 1941, Mtawala wa Aosta, mkuu wa Waitaliano wote katika upande huu wa Afrika, alisalimu amri kwenye mlima Amba Alagi. Gondar ikaanguka Novemba. Makumi ya maelfu ya mateka wakaletwa Kenya na kutawanywa kambini: Nanyuki, Nyeri, Naivasha, Gilgil, Londiani.

Mtawala mwenyewe alifia Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akiwa na kifua kikuu na malaria. Leo amelala Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu, na mifupa ya wanajeshi wake zaidi ya 600 imemzunguka.

Halafu kuna wale watatu wa mlimani. Hapa naona wanafunzi wameamka! Januari 1943, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka kambi ya Nanyuki ili waupande Mlima Kenya, kisha warudi. Miezi kadhaa walikuwa wakijiandaa kwa siri: vyuma chakavu wakavigeuza meno ya kufunga chini ya viatu, yashike barafu. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima iliyochapishwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama, nao wakaikodolea macho wakitafuta pa kupandia. Barsotti aliugua, akaachwa chini. Wenzake walishindwa na Batian, kilele cha juu kabisa, lakini wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Kisha wakateremka, wakajirudisha kambini wenyewe. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Walitumikia 7, kwani mkuu wa kambi Mwingereza alivutiwa na ushujaa wao.

Naipenda hadithi hii kama mnavyoipenda. Ila imezimeza nyingine zote. Hao watatu walikuwa nje ya seng'enge siku chache tu, ilhali wenzao wengi walikaa ndani miaka mitano. Septemba 1943 Italia iliposalimu amri na baadaye kugeuka upande, mateka waliulizwa: mtashirikiana na Waingereza au la? Kuna waliokubali na kuna waliokataa katakata, wakafarakana watu waliokuwa wamelala chumba kimoja. Na waliokubali nao hawakupelekwa kwao. Vita vilikwisha wangali huku. Ugomvi huo haukusimikiwa bendera popote.

Mnajua kwa nini Nyeri pamehifadhiwa na Londiani hapajahifadhiwa? Nyeri pana mwenyewe. Kuna kanisa, kuna serikali ya Italia, kuna familia zinazokuja kuwaombea watu wao. Kambi zilikuwa mbao, mabati na waya, vitu ambavyo mwanakijiji yeyote ana kazi navyo. Gilgil ilipata wafungwa wapya: mwaka 1947 Waingereza waliwaleta pale Wayahudi waliowahamisha kutoka Palestina. Miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni, ikawa zamu ya baba zetu na mama zetu kuwekwa nyuma ya waya. Katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliuawa kwa kipigo.

Mafaili ya serikali ya kikoloni ya wakati huo yalisafirishwa Uingereza na kufichwa. Yalijulikana hadharani mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokwisha kwenda mahakamani London, na 2013 zaidi ya 5,000 wakalipwa fidia. Yale makaratasi yalisaidia, sikatai. Lakini kesi ilifunguliwa na watu walio hai, waliosimama wakasema: nilifanyiwa hivi, mahali fulani.

Sasa pigeni hesabu. Mtoto wa miaka 10 mwaka 1943 leo amevuka 90. Waliowalinda mateka wale walikuwa askari Waafrika, na waliowaona wakipita ni majirani. Msianze na "tusimulie vita." Muulizeni bibi maji ya kambi yalichotwa wapi, lango lilielekea upande gani, mawe ya msingi nani aliyachukua na yako kwenye nyumba ya nani. Muache azungumze kwa lugha yake, mrekodi, na siku hiyo hiyo andikeni jina la mahali na mwenye shamba. Msichimbe; shamba ni la mtu.

Nitakaa pale mezani hadi saa kumi na moja. Mwenye babu aliyewahi kulinda kambi yoyote kati ya hizo, aje tuongee kabla ya kwenda kunywa chai.