Bao Moja la Port-Gentil: Serengeti Boys na Safari ya India

SALMA: Beka, leo nataka tuanze na bao moja tu. Mei 21, 2017, Jumapili. Port-Gentil, Gabon. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, wanacheza na Niger mechi ya mwisho ya kundi. Sare inatosha. Sare tu!

BEKA: Dada Salma, ile siku naikumbuka mpaka harufu. Nilikuwa kibanda umiza, viti vimejaa, wengine tumekaa kwenye makreti ya soda. Feni moja, tena inayumba. Watu waliokuja kuangalia watoto wa miaka 16 walikuwa wengi kuliko wanaokujaga kuangalia ligi ya Uingereza.

SALMA: Niger wakafunga kabla ya mapumziko.

BEKA: Wakafunga. Kipindi cha pili kizima tumesimama. Hakuna aliyekaa. Mpira ukipita katikati mzee mmoja nyuma yangu anasema, "Taratibu wanangu, taratibu, muda upo." Muda haukuwepo. Ikaisha 1-0.

SALMA: Sasa kwa msikilizaji ambaye hakufuatilia, tumweleze kwa nini bao lile lilikuwa zito hivyo. Ile ilikuwa AFCON, michuano ya mataifa ya Afrika, ya vijana chini ya miaka 17. Timu nane, makundi mawili, na wawili wa kila kundi wanaingia nusu fainali. Na ukishaingia nusu fainali, una tiketi ya Kombe la Dunia la vijana, lililofanyika mwaka uleule India. Sisi tulikuwa na Mali, Angola na Niger.

BEKA: Mali mabingwa watetezi, na ndio waliochukua tena kombe mwaka ule. Hao tulitoka nao 0-0. Angola tukawapiga 2-1. Kwa hiyo tunaingia mechi ya tatu na pointi nne, Niger wana moja. Wakatufunga, nao wakawa na nne. Tofauti ya mabao iko sawa, wao sifuri na sisi sifuri. Ikaangaliwa nani kamfunga mwenzake.

SALMA: Niger wakaenda India.

BEKA: Sisi tukapanda ndege ya kurudi Dar.

SALMA: Na mimi nasema hivi, kaka Beka, na nitalisema bila kuogopa: kile ndicho kikosi bora cha vijana wa kiume tulichowahi kupeleka nje. Golini Ramadhani Kabwili. Nyuma Dickson Job, ambaye baadaye alikwenda Mtibwa Sugar, akahamia Yanga, akawa beki wa Taifa Stars, timu ya taifa ya wakubwa. Kibwana Shomari pembeni. Kocha Bakari Shime, na Kim Poulsen akiwa mshauri wa benchi. Timu ile ilikuwa imekaa pamoja muda mrefu, imesafiri, imecheza mechi za kirafiki za kutosha. Haikuokotwa wiki mbili kabla.

BEKA: Hapo nakuunga mkono. Lakini tuseme na upande wa pili wa habari, maana tukiuficha hatuwatendei haki wasikilizaji. Gabon hatukufika kwa mlango wa mbele.

SALMA: Ndiyo. Tulikuwa tumetolewa na Congo Brazzaville. Dar tulishinda 3-2, kwao tukafungwa 1-0. Jumla 3-3, wao wana mabao mawili ya ugenini, sisi hatuna hata moja, wakapita. Tukakata rufaa kwamba wana mchezaji aliyezidi umri. CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakaagiza apelekwe Libreville kupimwa umri kwa mashine ya MRI. Hakutokea. Congo wakaondolewa, sisi tukarudishwa.

BEKA: Hebu eleza kipimo chenyewe, kuna watu wanadhani ni damu.

SALMA: Si damu. Unalaza mkono kwenye mashine, inapigwa picha ya kifundo, pale mkono unapokutana na kiganja. Daktari anaangalia mwisho wa mfupa wa kigasha. Mtoto anayekua ana sehemu pale ambayo bado haijaungana, ndiyo inayoufanya mfupa urefuke. Ikiwa imeshaungana kabisa, basi kwa sehemu kubwa huyo ameshapita miaka 17. FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009, kule Nigeria. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuandikwa leo asubuhi, lakini mfupa huwezi kuuandikia.

BEKA: Na ndiyo maana kila nikisikia watu wanawacheka Congo, nawaambia subirini. Sisi wenyewe tulifuzu fainali za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia, tukaondolewa kwa kosa hilohilo, mchezaji aliyezidi umri. Fainali za kwanza za Serengeti Boys katika historia zingekuwa zile. Tukasubiri miaka 12.

SALMA: Miaka 12, Beka! Mtoto aliyekuwa chekechea mwaka ule alikuwa amemaliza shule ya msingi na kuingia sekondari.

BEKA: Na tabia haijaisha mitaani. Mwaka jana nilikuwa uwanja mmoja huko kwetu Mbagala, mwalimu anaandikisha watoto. Anamuuliza kijana, "Una miaka mingapi?" Kijana anamwangalia, anajibu, "Ya nyumbani au ya mpira?" Hakuwa anatania, dada. Aliuliza kwa adabu kabisa, kama anayeuliza aandike kwa kalamu ya bluu au nyeusi. Niliumia. Maana yule hakujifundisha mwenyewe.

SALMA: Amefundishwa na mtu mzima. Na wa kuumia ni mwenzake mwenye miaka 15 ya kweli, anayekaa benchi kwa sababu mwenye 19 ana kifua.

BEKA: Kabisa. Haya, twende 2019.

SALMA: 2019 ni jeraha la aina nyingine. AFCON hiyohiyo ya vijana iko kwetu Dar, Uwanja wa Taifa na Chamazi. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 2018, vijana wamechukua kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, kule Burundi kwa kuwafunga Somalia 2-0 fainali. Matumaini yamejaa. Aprili 14, ufunguzi, tunacheza na Nigeria. Nilikuwepo. Nilimchukua mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, amevaa jezi inamfika magotini.

BEKA: Mechi ya mabao tisa.

SALMA: Nigeria wanatangulia mara mbili. Mapumziko wako mbele. Tunarudi kipindi cha pili, Kelvin John anapiga faulo, goli! Penalti, Morice Abraham, goli! Penalti nyingine, Edmund John. Ubao unasoma 4-2, sisi tuko mbele ya Nigeria. Yule mtoto amepanda juu ya kiti, amenishika kichwa kwa mikono miwili, anapiga kelele mpaka sauti imekauka.

BEKA: Halafu?

SALMA: Halafu ikawa 4-3. Ikawa 4-4. Ikawa 5-4, kwao. Mtoto akashuka kwenye kiti akakaa. Akaniuliza, "Mama mdogo, si tulikuwa tumeshinda?"

BEKA: Ukamjibu nini?

SALMA: Nilimwambia bado kuna mechi mbili. Ndiyo hizo, Uganda 3-0, Angola 4-2. Tumefunga sita, tumefungwa 12, hatuna pointi hata moja nyumbani kwetu.

BEKA: Pale mimi naona tulichanganya mambo. Timu ilikuwa na vipaji vya mbele vya kutisha, lakini haikujua kulinda uongozi. Ukiwa 4-2 zimebaki dakika 30, unapunguza kasi, unaweka mpira miguuni, unaua mechi. Vijana walitaka la tano. Na kujua hivyo hakuji kwa mazoezi ya kambi peke yake. Kunakuja kwa kucheza mechi ngumu kila wiki, mwaka mzima. Wenzetu Nigeria wamebeba Kombe la Dunia la umri huo mara tano.

SALMA: Lakini tusimalize 2019 kana kwamba ilikuwa bure. Kelvin John alikwenda Uingereza kusoma na kucheza, akasaini Genk ya Ubelgiji, kisha Denmark. Morice Abraham akaenda Serbia, leo yuko Simba. Timu iliyomaliza bila pointi imetoa wachezaji wa Taifa Stars.

BEKA: Naam. Mwaka 2025 Morocco tukarudi, timu zikiwa 16, tukaishia makundi. Majirani zetu Uganda, tuliokuwa nao kundi moja, wakapambana mpaka wakafika Kombe la Dunia Qatar, na huko wakaifunga Ufaransa. Niliwashangilia kama wetu.

SALMA: Sasa umeitaja Ufaransa, na mimi ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo. Maana Watanzania walishawafunga Wafaransa Kombe la Dunia chini ya miaka 17. Oktoba 2022. Na ilikuwa India.

BEKA: Serengeti Girls, mabinti wetu wa chini ya miaka 17!

SALMA: India ileile, Beka. Nchi ambayo vijana wa Gabon waliikosa kwa bao moja. Na kocha ni nani?

BEKA: Bakari Shime.

SALMA: Bakari Shime. Mtu yuleyule aliyesimama pembeni ya uwanja Port-Gentil. Miaka mitano baadaye amechukua mabinti, wanakwenda Yaoundé wanawapiga Cameroon 4-1 kwao, wanarudi Amaan, Zanzibar, wanamaliza kazi 1-0. Timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Wanaume walikuwa hawajafika, kwa umri wowote.

BEKA: Na mechi ya kwanza wakafungwa 4-0 na Japan. Watu wakaanza maneno: wametoka kutalii.

SALMA: Niliyasikia. Siku tatu baadaye, Ufaransa. Diana Mnally anafunga mapema. Kipindi cha pili penalti, Christer Bahera anaiweka. Mbili bila! Ufaransa wanarudisha moja zikiwa zimebaki kama dakika 15. Sasa Beka, fikiria mimi niliyeiona 4-2 ikigeuka 5-4 machoni pangu. Mikono ilikuwa ya baridi.

BEKA: Lakini wale mabinti walijua kuua mechi.

SALMA: Walijua! Mpira unapelekwa kwenye kibendera cha kona, mtu anaufunika kwa mgongo, anaomba kurusha, anachukua muda wake. Kipa anaukumbatia, anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Ikaisha 2-1. Kisha sare ya 1-1 na Canada, bao la Veronica Mapunda, pointi nne, nafasi ya pili kwenye kundi, robo fainali.

BEKA: Pointi nne. Zilezile za Gabon.

SALMA: Zilezile. Gabon zilikuwa pungufu, India zikatosha.

BEKA: Robo fainali wakakutana na Colombia ya Linda Caicedo, 3-0. Na Colombia hao walifika fainali, si timu ya kuona aibu kufungwa nayo.

SALMA: Yule mtoto wa dada, wa jezi ya magotini, aliangalia mechi ya Ufaransa kwangu. Ana miaka 12 wakati huo, anajifanya mtu mzima. Kipyenga cha mwisho kimelia, hakushangilia. Alibaki anaitazama televisheni, akaniuliza, "Imeisha kweli? Hawarudishi?" Nikamwambia haya, angalia, wanashikana mikono. Ndipo akatoka mbio kwenda nje kuwaambia wenzake.