Trekta dogo livute haro ya sahani ngapi? Anza na udongo

Kamwene wakulima, za huko shambani? Leo tupo nje kidogo ya Mbeya mjini, hapa nina trekta la HP 45, yaani nguvu za farasi 45, na haro yake, kile kifaa cha sahani za chuma kinachovutwa nyuma kukatakata udongo, na tunajibu lile swali mnalouliza kila siku, "kaka trekta langu linavuta sahani ngapi?" Mi nasema tuligeuze, tuanze na udongo halafu trekta lifuate.

Kwa sababu gani. Plau ya majembe (siyo ile ya sahani) ukiishusha inazama yenyewe kwa jinsi ilivyoundwa, haro haina hicho kitu, yenyewe inaingia kwa uzito wake na kwa ile pembe ya sahani, yaani zilivyokaa upande, basi, ndo maana mtu ananunua haro ndefu ya sahani 14 nyepesi anajiona kapata, akifika kwenye udongo mgumu inaparaza juu juu tu huku diseli inaisha. Kwa hiyo dukani uliza uzito wa haro nzima, gawanya kwa idadi ya sahani. Ikija chini ya kilo 30 kwa sahani, hiyo ni ya kulainisha shamba ambalo tayari limepigwa plau. Unataka kukata mabua ya mahindi na udongo ulioshikana, tafuta 40 kwenda juu, na safu ya mbele iwe na sahani zenye meno, zile za duara kamili zikae nyuma.

Haya, hatua ya kwanza. Chimba kama sentimita 15 hivi, chukua udongo ukamue kiganjani, sogeza kamera hapa waone... nimefinya limekuwa donge, naliachia toka usawa wa kiuno, pwaa, limevunjika. Huu uko tayari. Ungebaki donge au ukiusukuma kwa kidole gumba unatoka utepe mrefu unang'aa, funga trekta rudi nyumbani, ukilazimisha unatengeneza gamba gumu huko chini na mizizi ya mahindi haitapita. Udongo wa majivu ya volkano kama wa kule Rungwe ni mwepesi, haro ya kawaida inatosha. Ule mweusi wa bonde la Usangu ni mambo mengine kabisa, ukiloa unanata kwenye sahani na ukikauka ni tofali, kule chukua sahani chache ila nzito, na hakikisha zile vyuma za kukwangua matope zipo, wauzaji wengine wanazitoa eti bei ishuke.

Hatua ya pili, nguvu, na hapa watu wa nyanda za juu tunapigwa bila kujua. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia hewa zaidi kwenye injini, inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kila ukipanda mita 100, hewa ni nyembamba. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo hii 45 iliyoandikwa kwenye boneti hapa unayo kama 37 tu. Sasa piga hesabu, udongo mwepesi weka HP 3 kwa sahani, unapata sahani 12. Ukishuka nayo Usangu kwenye mita 1,000 na kitu injini inarudi kama 40, lakini udongo ule unataka HP 4 kwa sahani au zaidi, kwa hiyo 10 na usibishane na mtu. Najua wanaolimisha kwa heka wanataka upana wamalize haraka, ila trekta likizidiwa kila tuta unabadili gia, wapi haraka hapo.

Hatua ya tatu, funga haro. Inyanyue, kama mbele kunakuwa kwepesi na usukani haushiki, ongeza vyuma vya uzito mbele kabla hujaenda popote, hasa kwenye miinuko yetu hii. Usiingie chini ya haro iliyonyanyuliwa na haidroliki, weka magogo. Halafu ishushe pasawa uangalie, safu ya mbele isipoingia vizuri fupisha topu linki, ule mkono wa juu unaounganisha haro na trekta, ya nyuma ikiwa juu irefushe. Pembe ya sahani anza ndogo, ongeza polepole, ukiongeza inakata zaidi ila inakuwa nzito kuvuta.

Hatua ya nne, tembea mita 50 halafu shuka uangalie alama ya tairi. Meno ya tairi yamejichora safi kabisa, trekta halijachoka, ongeza pembe. Alama imefutika yote, tairi linateleza, punguza. Tunataka katikati pamevurugika kidogo ila pembeni meno yanaonekana, kama hii hapa.

Na haro ikiwa mpya, baada ya masaa machache ya kazi ya kwanza kaza tena ile nati kubwa ya shafti, shika sahani moja moja utikise kwa mkono, ikicheza hata kidogo simamisha kazi maana lile tundu la pembe nne litakula shafti na shafti ni hela ndefu.