Mjumbe Hauawi: Ngazi ya Amri na Habari Isiyopanda

Ndugu mwenyekiti, wasimamizi wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Naomba nianze na maneno mawili ambayo kila aliyewahi kuandika barua ya kikazi anayajua: "Kupitia kwa". Unamwandikia Mkurugenzi Mtendaji, lakini inabidi barua ipitie kwa Meneja Rasilimali Watu, na kabla yake ipitie kwa Mkuu wa Idara. Umeomba siku tatu ukamzike shangazi Korogwe. Ruhusa inarudi imegongwa muhuri, arobaini imeshasomwa.

Mnacheka. Basi yamewakuta.

Sikuja kuitukana ngazi. Wazee wa pwani walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na anayebisha afungue grupu la WhatsApp la kazini kwake. Saa tano usiku mkurugenzi anatupia ujumbe: "Kesho gari la Mwanza lisitoke." Msimamizi wa usafirishaji ameshampangia dereva safari tangu mchana na posho ameshampa. Alfajiri dereva yuko getini, funguo mkononi, hajui amtii nani. Akiondoka kosa, akibaki kosa.

Watu wa reli ndio walioonja hatari hiyo mapema, kwa sababu kwenye njia moja ya reli amri mbili zinazopingana zinaua. Mwaka 1855 Daniel McCallum, msimamizi mkuu wa reli ya New York and Erie huko Marekani, alitoa mchoro wa mpangilio wa shirika lake, nani yuko chini ya nani, na leo hutajwa kuwa miongoni mwa michoro ya kwanza ya aina hiyo. Umechorwa kama mti. Bodi ya wakurugenzi iko chini kabisa, mizizini, na wafanyakazi wametanda juu kwenye matawi. Sijui ni kampuni gani hapa kwetu ingekubali kumchora mwenyekiti wa bodi chini ya mlinzi! Lakini ninachompendea McCallum ni kwamba alidai pia habari za treni zimfikie kwa telegrafu, saa baada ya saa. Alijua kwamba asiyejua treni iko wapi hana cha kuamrisha.

Hapo ndipo penye shida yetu. Amri inateremka, na mteremko hauna kazi. Habari inapanda mlima na mzigo kichwani, na kila anayeipokea njiani anapunguza kidogo ili asichoke.

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja cha unga, jina lake tuliache. Kibarua mmoja wa kupakia akanifuata: "Kaka, bati la kona ya nyuma limeoza. Masika ikianza, yale magunia yote yataloa." Nikaandika kwenye daftari: "Bati moja linavuja kidogo." Hilo neno "kidogo" nililiongeza mimi, kwa sababu wiki chache nyuma niliulizwa kuhusu paa nikajibu liko sawa. Msimamizi wangu akaandika dokezo: "Paa la ghala linahitaji kuangaliwa." Meneja uzalishaji, kwenye taarifa yake ya mwezi: "Ukarabati wa ghala utaingizwa kwenye bajeti ijayo." Kwenye kikao cha wakubwa ikasomwa: "Hali ya ghala ni ya kuridhisha." Ukituweka kizimbani mmoja mmoja, hutampata aliyesema uongo. Aprili mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi tulikuwa tunakomba uji sakafuni kwa koleo.

Sisi tulipoteza unga. Sasa niwapeleke kwenye usiku uliogharimu roho za watu, kwa sababu umeandikwa na kuchunguzwa karibu dakika kwa dakika.

Tarehe 27 Januari 1986. Chombo cha anga Challenger cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilikuwa Florida, kiruke kesho yake na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Roketi za pembeni zilitengenezwa na kampuni ya Morton Thiokol ya jimbo la Utah. Vipande vya roketi hizo vilizibwa kwenye maungio kwa pete za mpira, jamii ya oringi anazobadilisha fundi wa pampu, ila hizi ni kubwa mno. Mpira ukipata baridi unakakamaa. Mhandisi mmoja wa Thiokol, Roger Boisjoly, alikuwa ameshaandika waraka Julai 1985 akiwaonya wakubwa wake kwamba maungio yale yanaweza kuua watu.

Utabiri ukasema kesho kutakuwa na baridi kali. Jioni ile wahandisi wa Thiokol wakafanya kikao kwa simu na watu wa NASA walioko Alabama na Florida. Ushauri wao ulikuwa wazi: msirushe chini ya nyuzi 53 za Farenhaiti, yaani kama 12 za Selsiasi. Wakubwa wa NASA waliokuwa kwenye laini wakaja juu. Mmoja wao, Lawrence Mulloy, akauliza kama wanataka arushe mwezi wa Aprili.

Thiokol wakaomba dakika tano wazungumze peke yao. Zikawa kama nusu saa. Boisjoly na mwenzake wakasimama tena kueleza, wakaweka picha mezani, hadi wakaona hawasikilizwi wakarudi kukaa. Kisha mkubwa mmoja akamgeukia mkuu wa uhandisi, Robert Lund, akamwambia avue kofia yake ya uhandisi avae ya umeneja. Mameneja wanne wakaamua, wahandisi hawakuulizwa. Simu ikarudishwa hewani: Thiokol imekubali, rusheni. Allan McDonald, mkubwa wa Thiokol aliyekuwa Florida, alikataa kutia saini. Karatasi ikasainiwa Utah ikaja kwa faksi.

Sasa tazameni ngazi. NASA ilikuwa na ngazi nne kwenye mradi huu. Ya nne, chini kabisa, ni kampuni kama Thiokol. Ya tatu ni kituo cha Alabama alikotoka Mulloy. Ya pili ni Houston, ya kwanza makao makuu. Ule ubishi wa usiku ulikwamia kwenye ngazi ya tatu. Wakubwa wa ngazi ya pili na ya kwanza, waliokuwa na neno la mwisho la kurusha, waliamka asubuhi bila kujua kwamba wahandisi walikuwa wamesema msirushe. Mulloy alipoulizwa baadaye alieleza kwamba lilikuwa jambo la ngazi ya tatu, na lilimalizwa ngazi ya tatu. Utaratibu ulifuatwa! Asubuhi ya tarehe 28 joto lilikuwa kama nyuzi 2 za Selsiasi. Sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kikasambaratika. Tume iliyochunguza ilisema wazi kwamba kama waamuzi wa juu wangeyajua yote, uwezekano wa kurusha ungekuwa mdogo sana.

Kuna kipande cha pili ambacho hakisimuliwi sana. Boisjoly na McDonald walipoieleza tume ukweli, kazini kwao walisogezwa pembeni. McDonald alirudishiwa cheo baada ya wabunge wa Marekani kuingilia kati, akasimamia kuunda upya yale maungio. Boisjoly hakuweza kuendelea pale, akaondoka. Sisi tuna methali, mjumbe hauawi, na tunaitumia kwenye posa. Ofisini mjumbe hauawi, anahamishiwa tawi la mbali.

Ndugu yangu pale nyuma ameinua mkono tangu zamani. Anauliza: kwa hiyo turuke ngazi? Ukimruka bosi wako ukaenda kwa bosi wake, utakula wapi?

Swali hilo lilijibiwa na Mfaransa mmoja, Henri Fayol, mtu wa migodi. Aliingia kwenye makaa ya mawe ya Commentry akiwa na miaka 19, akaja kuongoza kampuni nzima kwa miaka 30, na mwaka 1916 akachapisha kanuni zake 14 za uongozi. Moja ni ya nahodha mmoja: mtu apokee amri kwa mkubwa mmoja tu. Nyingine ni ngazi yenyewe. Lakini aliijua ngazi kwa kuipanda, kwa hiyo akaitobolea njia. Chukulia wewe ni karani wa stoo, na mwenzako wa manunuzi yuko idara nyingine, cheo sawa. Mkifuata ngazi, neno lako linapanda ngazi tano hadi kwa mkurugenzi, linashuka tano upande wa pili, na jibu linarudi vilevile. Hatua ishirini kwa swali la bati moja. Fayol akasema wawekewe daraja la kukatiza, waongee wao kwa wao.

Sharti lake ndilo watu husahau. Wakubwa wa pande zote mbili wawe wameruhusu, na hao wawili wakishakubaliana wawaarifu wakubwa wao mara moja. Kwa lugha yetu: ongea naye, kisha weka "nakala kwa" bosi wako na bosi wake, siku hiyohiyo. Ukifanya hivyo hujamruka mtu. Ukificha nakala, hapo umeruka, na ukikatwa mguu usinitaje.

Toyota wana njia fupi zaidi. Kiwandani kuna kamba juu ya mstari wa kazi, siku hizi sehemu nyingine ni kitufe. Fundi akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa timu anakuja pale pale, na wasipoitatua kwa wakati mstari unasimama. Kamba ni rahisi, dukani ipo. Ghali ni kiongozi anayekuja bila kununa.

Nimalizie na kile kiwanda cha unga. Baada ya mafuriko ya ghala, meneja mkuu alianza kupita stoo kila Ijumaa kabla ya chai. Hakuja na msafara. Alimwendea yule kibarua wa kupakia, akamsalimia, akamuuliza swali moja tu: "Wiki hii umeona nini kibovu?" Ijumaa ya kwanza jibu lilikuwa, "Hakuna tatizo, mzee." Ya pili, "Hakuna tatizo, mzee." Ya tatu vilevile, na mimi nimesimama pembeni, jasho linanitoka. Ijumaa ya nne yule bwana alinitazama kwanza, akaangalia chini, kisha akasema: "Mzee, kufuli la mlango wa nyuma linafunguka kwa msumari."

Haya, maswali. Tuanze na dada wa mstari wa mbele.