Ada, Kahawa na Ngonjera
(Mhadhara kwa wanachuo wa ualimu, Moshi)

Mkuu wa chuo, wakufunzi wenzangu, shikamooni. Wanachuo, hamjambo?

Nimeombwa nieleze jinsi shida zilivyonifanya mwalimu. Niwakatalie kidogo. Shida peke yake haimfanyi mtu mwalimu. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na sisi ambao ada yetu ilitoka kihambani, yaani kwenye kahawa ya shamba la nyumbani, tukaanza kurudishwa nyumbani. Wenzangu kadhaa walishuka sokoni Kiboriloni kuuza mitumba, shule ikaishia hapo. Shida ilikuwa ile ile.

Mimi nilishikwa na ngonjera. Mnajua historia yake: baada ya Azimio la Arusha la 1967 washairi waliombwa walifikishe kwa wananchi, na Mathias Mnyampala akaikuza sana ngonjera, wawili wakibishana kwa beti. Shuleni kwetu ilikuwa ya kumpokea mgeni rasmi tu, beti kaandika mwalimu, watoto wanakariri kama kasuku. Ila mwalimu mmoja alituachia tutunge wenyewe. Mimi nikawa mtoto, mwenzangu baba:

“Baba ada wanataka, mwalimu anirudisha.”
“Kahawa imeanguka, bei yake yatutisha.”

Nyumbani nisingethubutu kumsemesha baba hivyo. Ningeonekana sina adabu. Kwenye ubeti niliruhusiwa, tena ikabidi nimtungie na yeye jibu lake. Hapo ndipo nilipomwelewa. Siku ya wazazi alisikiliza hadi mwisho, akacheka, halafu akaenda kuongea na mwalimu mkuu kuhusu kulipa ada kwa awamu. Sisemi ushairi ulilipa ada. Ada ililipwa na nyanya alizopanda baada ya hapo.

Ualimu wenyewe ulianzia kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari. Nilipewa kazi ya kuwafundisha wadogo, nao kila mara walipoteza hesabu ya silabi. Nikachukua buni kavu, nikawapangia mezani: punje nane, nafasi, punje nane. Ba-ba-a-da-wa-na-ta-ka. Mtoto anasukuma punje moja kwa kila silabi. Ikibaki moja, anajua mwenyewe kwamba mstari una pengo. Kijana mmoja aliyekuwa hajui kusoma hadi darasa la nne alianza kukamata silabi kwa njia hiyo, na siku hiyo nikajua kazi nitakayoifanya. Hadi leo darasa la kwanza nalianza hivyo, ingawa siku hizi natumia maharage, maana buni hazipatikani kirahisi!

Mtaniambia huyu mama anasifia cha kwao. Haya, mtazameni Shaaban Robert. Alifiwa na mkewe Amina, akamwombolezea kwa shairi. Na wanawe akawatungia tenzi za malezi, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Tenzi za baba mjane kwa watoto wake zimesomwa na vizazi vya Watanzania.

Basi mkienda mazoezini, msiwatungie watoto ngonjera. Wapeni kinachowauma: michango, maji, njaa ya saa nne. Kipindi cha dakika 40 kinatosha ubeti mmoja, na silabi, vina na uandishi vyote mmevifundisha humo humo, mkaguzi asiwatishe. Ubeti ukiwa mbovu, uacheni usomwe hivyo hivyo kwanza, kusahihisha kutafuata.

Maswali sasa. Tuanze na nyie wa nyuma mnaonong’ona.