Diski za Seva Zikiwa Mbali na Duka la Vipuri

Mhadhara kwa mafundi wa mifumo ya kompyuta, Mtwara Mjini

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wote habari za asubuhi. Karibuni, hasa mliotoka Lindi, Masasi na Newala.

Kabla hujagusa menyu ya kidhibiti cha diski, yaani kadi ya seva inayoziendesha diski kwa pamoja, jiulize: diski moja ikifa usiku wa leo, mbadala wake utafika lini? Fundi wa Dar es Salaam atajibu kesho asubuhi. Sisi tuna zaidi ya kilomita 500 za barabara, na Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, wote tuliona barabara ilivyokatika Somanga na mizigo ikakwama. Muda huo wote safu, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, inaendelea na kazi kinga ikiwa imepungua au imekwisha. Kwa hiyo huku kwetu safu ya diski hupangwa kwa kuhesabu siku za kusubiri kipuri. Mengine yanafuata baadaye.

Aina za RAID, yaani mbinu za kugawa data kwenye diski za safu, mnazijua, nitapita haraka. RAID 5 inavumilia kufa kwa diski moja, RAID 6 inavumilia mbili, RAID 10, inayoweka data ileile kwenye diski mbilimbili, inavumilia moja katika kila jozi. RAID 0 haina kinga yoyote, msiiweke kwenye seva ya kazi. Chukueni diski 6 za terabaiti (TB) 8 kila moja. Kwa RAID 5 mnapata TB 40, kwa RAID 6 TB 32, kwa RAID 10 TB 24. Mwenye kusaini hundi akiona hesabu hiyo huvutiwa na 40, na hapo ndipo fundi anatakiwa kusimama kidete.

Sababu ni hii. Diski ikibadilishwa, kidhibiti hujenga upya kilichokuwamo kwa kusoma diski zote zilizobaki. Diski ya TB 8 ikiandikwa kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde inachukua karibu saa 15, tena seva ikiwa haina kazi nyingine. Watumiaji wakiwemo, hesabu siku mbili au zaidi. Ndani ya muda huo diski 5 zilizobaki zinasomwa zote, TB 40, mwanzo hadi mwisho. Kwenye RAID 5, sekta moja tu, yaani kipande kidogo cha diski, isiposomeka, data ya mahali hapo imepotea. Diski ya pili ikifa, safu yote imekwenda. Na kumbukeni diski hizo mara nyingi zilinunuliwa siku moja, zimetoka kiwandani pamoja na zimekula joto moja, kwa hiyo moja ikichoka nyingine hazipo mbali. Kwa diski kubwa za mzunguko, msimamo wangu ni RAID 6, na RAID 5 tuiache.

Hifadhidata yenye kuandika sana ni habari nyingine. Uandishi mdogo mmoja kwenye RAID 6 hugeuka kuwa shughuli 6 za diski, kwenye RAID 10 ni 2 tu. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hufanya takribani shughuli 80 kwa sekunde, kwa hiyo diski 6 zina 480. Ukigawa, RAID 6 inakuachia maandishi 80 kwa sekunde, RAID 10 inakuachia 240. Mfumo wa mapokezi hospitalini, au wa stakabadhi ghalani msimu wa korosho, utaisikia tofauti hiyo. Mafaili na picha za kumbukumbu wekeni RAID 6.

Seva ikiwa na nafasi 8, pendekezo langu ni 6 kwenye safu, ya 7 iwe diski ya akiba inayoingia kazini yenyewe hata saa nane za usiku, na nyingine ikae kabatini ikiwa tayari imefungwa kwenye kibebeo chake, yaani fremu inayoishika diski ndani ya nafasi ya seva. Watu husahau kibebeo, wanabaki na diski mkononi isiyoingia popote. Iwe na ukubwa uleule au zaidi, na aina ileile ya muunganisho, SAS kwa SAS, SATA kwa SATA. Kwa unyevu wa pwani, mfuko wake usifunguliwe mpaka siku ya kazi.

Msinunue diski za kompyuta za mezani. Diski hizo zikikuta sekta mbovu hung'ang'ana nayo kwa muda mrefu, kidhibiti kinachoka kusubiri na kuitangaza diski nzima kuwa imekufa, kumbe nzima. Diski za seva hukata tamaa baada ya sekunde kama 7 na kukiachia kidhibiti kazi ya kusahihisha. Epukeni pia diski za teknolojia ya SMR, ambazo huandika njia za data zikilaliana. Kujenga upya safu juu yake kunaweza kuchukua siku nyingi.

Sasa kuunda safu. Kwenye Dell, seva ikiwaka bonyeza F2 uingie Device Settings. Za zamani zilikuwa Ctrl+R. Kwenye HPE pitieni F10. Kwa vidhibiti vya chapa ya MegaRAID, mstari mmoja wa amri ya programu yake, storcli64, unatosha:

storcli64 /c0 add vd r6 drives=32:0-5 pdcache=off wb ra strip=256

Hapo c0 ni kidhibiti, r6 ni RAID 6 na 0-5 ni nafasi za diski. Namba 32 ni ya boksi la diski, na kwenye seva yako inaweza kuwa nyingine. Itazame kwanza kwa /c0/eall/sall show. Hiyo pdcache=off inazima kache, yaani kumbukumbu ya muda, iliyo ndani ya diski zenyewe, kwa sababu betri ya kidhibiti hailindi kache hiyo. Kisha diski ya akiba:

storcli64 /c0/e32/s6 add hotsparedrive

Hapo kwenye wb tukae kidogo. Maana yake ni Write Back: kidhibiti kinapokea data kwenye kache yake, kinajibu kwamba kimeandika, kisha kinaipeleka kwenye diski. Ni kasi nzuri sana, lakini umeme ukikatika katikati, kinachoiokoa data hiyo ni betri, au kapasita inayoihamishia kwenye kumbukumbu ya flashi. Betri kwa kawaida hushikilia saa 24 hadi 72. Betri ikichoka, kidhibiti hurudi chenyewe kwenye Write Through, yaani hakijibu mpaka diski iwe imeandika. Mtumiaji anakupigia simu kwamba mfumo umekuwa mzito ghafla, na wewe unaanza kuchunguza mtandao. Anza na /c0/bbu show au /c0/cv show. Betri za zamani pia hujipima kila baada ya siku 90 hivi na kuleta uzito huohuo kwa saa kadhaa, basi pangeni zijipime usiku. Menyu itakupa pia njia ya kulazimisha Write Back bila betri. Usiichague kamwe kwenye seva yenye data za watu.

Joto ndilo linaloua betri hizi, na chumba kinaweza kuchemka bila mtu kujua. UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, huishikilia seva, lakini haikishikilii kiyoyozi. Umeme ukikatika, seva inaendelea kutoa joto ndani ya chumba kilichofungwa. Unganisheni UPS na seva kwa waya wa USB au mtandao, ili ikibaki dakika kumi izime seva kwa utaratibu.

Ukaguzi wa diski, yaani patrol read, uachieni ufanyike kila wiki. Ulinganishaji wa safu nzima ufanyike mara moja kwa mwezi usiku wa Jumamosi, na kuanzia Oktoba usiwekwe kabisa kwenye saa za mnada wa korosho. Tahadhari ziende kwenye barua pepe ya watu wawili, kwa kuwa mmoja huenda likizo. Na nakala rudufu ibaki palepale: RAID haikulindi na aliyefuta faili, virusi, wezi wala radi.

Kuna swali hapo nyuma. Dada anauliza: diski kadhaa zikitoweka kwa mpigo, afanye nini? Asante, dada yangu. Diski tatu hazifi dakika moja. Mara nyingi ni kebo, umeme wa boksi au kidhibiti. Usiunde safu mpya juu yake, na usibonyeze Initialize, maana hiyo inafuta. Zima, kaza kebo, washa. Diski zikionekana kama Foreign, yaani za kigeni ambazo kidhibiti hakizitambui kuwa zake, zitazame kwanza kwa /c0/fall import preview, na zikikamilika ziingize kwa /c0/fall import. Lakini soma logi, yaani orodha ya matukio ya kidhibiti, ujue ipi ilitoka lini. Iliyotoka wiki iliyopita ina data ya wiki iliyopita, ukiirudisha pamoja na wenzake utachafua mafaili mazima. Hiyo ichomoe, ingiza zilizobaki, kisha irudishe kama diski tupu ijengwe upya. Kabla ya kuchomoa, iwashe taa kwa /c0/e32/s3 start locate, uione kwa macho yako ndipo uivute. Na amri ya kufuta Foreign, /c0/fall del, inafuta alama za diski zote za kigeni kwa pamoja, siyo ile moja uliyoikusudia, kwa hiyo hakikisha hakuna diski yako nzima iliyo kwenye orodha hiyo.